Soko Limekatiwa Bima. Mzigo Wako Je?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mbeya, Makambako na Mafinga, na karibu zote zinagusa jambo moja, bima. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliibadilisha Sheria ya Bima (Sura 394), ikafanya bima iwe lazima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa nchini, na vyombo vya majini vikiwemo vivuko.

*Nina kizimba cha vitenge na nguo za watoto Mwanjelwa. Wenzangu wanasema sheria mpya inataka soko liwe na bima, kwa hiyo moto ukitokea tutalipwa wote. Ni kweli?*
Mama wa vitenge, Mbeya

Si kweli, mama, na tafadhali waambie wenzako mapema. Sheria imetaja soko na jengo. Bima ya jengo hulipa kuta, paa, nyaya na milango, na fidia huenda kwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati ya bima, ambaye kwa kawaida ni mmiliki. Majora yako ya vitenge hayamo humo mpaka uyakatie bima wewe mwenyewe kwa jina lako au la biashara yako. Mbeya inajua uchungu wa jambo hili kuliko miji mingi. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na la SIDO likaungua mwaka 2017. Majengo hujengwa upya. Mtaji wa mtu haurudi na jengo.

Unachohitaji ni bima ya moto inayotaja "mzigo wa biashara", na kama una makabati, shelfu na cherehani, navyo vitajwe na kila kimoja kiwe na thamani yake. Uliza pia kuhusu wizi. Sokoni moto ukishika, watu huokoa mali na wengine huiba papo hapo, na bima ya moto peke yake mara nyingi hailipi kilichoibwa wakati wa purukushani. Wizi huongezwa kwa ada ya ziada.

Kosa linaloumiza wengi ni kutaja thamani ndogo ili ada ipungue. Tuseme mzigo wako una thamani ya shilingi milioni 40, nawe umeandikisha milioni 10. Moto umekula nguo za milioni 8. Wengi hufikiri watalipwa milioni 8 kwa sababu haijafika 10. Kampuni itasema umekatia bima robo tu ya mali, kwa hiyo italipa robo ya hasara, yaani milioni 2, kisha ipunguze humo kiasi ambacho mkataba unakutaka ukibebe mwenyewe. Hapo hujadhulumiwa, kwa kuwa kifungu hicho kimo kwenye karibu kila bima ya moto. Andika thamani ya kweli, na uihesabu kwa bei uliyonunulia, maana bei ya kuuzia ina faida ndani yake.

Tena mzigo hauwi ule ule mwaka mzima. Kabla ya Krismasi na kabla ya shule kufunguliwa Januari, kizimba chako pengine hubeba mara mbili ya kile cha Machi. Ama uandikishe kiwango cha juu tangu mwanzo, ama umjulishe wakala kwa maandishi mzigo unapopanda, akuletee nyongeza ya mkataba. Maneno ya mdomo hayahesabiki.

Lililobaki ni ushahidi. Mtathmini wa hasara atauliza ulikuwa na nini siku hiyo, na daftari la mzigo likiwa ndani ya kizimba litakuwa limeungua pamoja na nguo. Piga picha ya kurasa za daftari kila wiki umtumie mtu wa nyumbani. Risiti za EFD nazo zipige picha siku ile ile uliyozipata: karatasi yake hufifia kwa joto na jua, na baada ya miezi michache unabaki na kipande cheupe.

Moto ukitokea, piga 114 kuita Zimamoto, kisha toa taarifa kwa kampuni siku hiyo hiyo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu unaobaki kwenye kumbukumbu. Chukua taarifa ya Zimamoto na ya Polisi. Usisafishe kizimba wala kutupa mabaki kabla mtathmini hajafika. Jora lililoungua nusu ni ushahidi wako.

*Benki ilinikatia bima ya fremu nilipokopa. Mkopo nimemaliza. Je, bima bado inanilinda?*
Mwenye fremu, Makambako

Iangalie hati yenyewe. Mara nyingi bima ya namna hiyo humtaja mkopeshaji kuwa wa kwanza kulipwa, na huisha tarehe iliyoandikwa, bila kujali kama bado unafanya biashara. Omba benki barua ya kuthibitisha kwamba huna deni tena, uipeleke kwenye kampuni ya bima ili jina la benki liondolewe. Hata kwa anayeendelea kulipa mkopo, akague kama bima inafunika mali au inafunika deni tu. Bima ya deni humpa nafuu mkopeshaji, nawe unabaki na fremu tupu.

*Naagiza spea za pikipiki kutoka China. Muuzaji anasema bima imo kwenye bei yake. Kwa nini niambiwe nikate nyingine?*
Muuza spea, Mbeya

Kwa sababu bidhaa zinazoingizwa nchini zinatakiwa kukatiwa bima kwenye kampuni iliyosajiliwa Tanzania. Ukinunua kwa bei ya CIF, yaani gharama, bima na nauli, unamlipa muuzaji bima ya kwao, kisha unalipa tena hapa. Mwambie akupe bei ya C&F, yaani gharama na nauli bila bima, kisha ukate hapa kabla mzigo haujapakiwa melini. Thamani ya bima kwa kawaida ni bei ya mzigo, nauli na bima, ukiongeza asilimia 10.

Chagua masharti ya bima ya mizigo ya daraja A, ambayo ndiyo mapana zaidi. Hata hayo hayalipi ucheleweshaji wala uharibifu uliotokana na ufungaji mbaya, kwa hiyo msisitizie muuzaji maboksi imara.

Kisha soma mahali palipoandikwa mwisho wa safari. Hapa ndipo wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini wanapoumia. Hati ikiandikwa "Dar es Salaam", bima inakoma huko, na lori likipinduka mlima Kitonga hasara ni yako. Iandikwe "Mbeya", na ikiwezekana hadi stoo yako.

*Wakala amenipa stika ya Fuso langu la mbao, nilipe nusu sasa na nusu mwezi ujao. Kuna shida?*
Mwenye Fuso, Mafinga

Ipo, na ni kubwa. Sheria inataka ada ilipwe ndipo bima ianze. Ajali ikitokea kabla hujamaliza, kampuni ina sababu ya kukataa madai. Lipa yote, moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, udai risiti yenye jina lako. Ada inabeba VAT, kwa hiyo ukitajiwa bei uliza kama imo. Kisha hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa namba ya gari. Isipoonekana, gari lisitoke.

Na uangalie umepewa bima gani. Bima ndogo inamhusu mtu wa tatu, yaani yule uliyemdhuru. Haitatengeneza Fuso lako, wala haitalipa mbao zilizomwagika. Gari linahitaji bima kubwa, na mbao zinahitaji bima ya mizigo safarini, hati mbili tofauti.

Kampuni ikikataa madai na huridhiki, iandikie kwanza yenyewe, ukitaja namba ya hati na ya madai, ubaki na nakala. Isipokusikia, nenda ofisi ya TIRA ya kanda iliyopo Mbeya, au peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ambaye hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 40 na hamtozi mlalamikaji. Ambatisha barua ya kampuni ya kukataa. Bila hiyo utarudishwa ukaichukue.