"Elfu mia mbili na tano" ni shufwa au witiri?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Nachingwea, mkoani Lindi. Niliwasomea wanafunzi namba "elfu mia mbili na tano", nikawataka waseme kama ni shufwa au witiri na wataje vigawo vyake vilivyo namba tasa. Baadhi waliandika 205,000, wengine 200,005. Nani amekosea?

Jibu: Wanafunzi wote wamesikia sawasawa, kwa kuwa maneno uliyoyatamka yanabeba namba mbili. Katika Kiswahili "elfu" hutangulia idadi yake kama jina linavyotangulia kivumishi, hivyo kama tunavyosema "watu mia mbili na tano", ndivyo tunavyoweza kuhesabu elfu mia mbili na tano, yaani 205,000. Lakini "na" hiyohiyo ndiyo inayounganisha maelfu na mamoja, kama katika "elfu mbili na tano", ambayo kila mtu huiandika 2,005 kwa sababu "mbili na tano" haifanyi namba moja. Utata huzuka pale tu maneno yanayofuata "elfu" yanapoweza kushikamana.

Na tofauti si ndogo. Namba zote mbili zina tarakimu zilezile, jumla ya tarakimu zake ni 7, kwa hiyo hakuna inayogawanyika kwa 3, na zote zinagawanyika kwa 5. Hapo ndipo undugu unapokoma, kwani 5 ndicho kigawo kikubwa cha shirika walichonacho. Ya kwanza ni shufwa, na vigawo vyake tasa ni 2, 5 na 41. Ya pili ni witiri, nayo ni zao la 5, 13, 17 na 181. Aliyezoea kusikia sala ya witiri, yenye rakaa zisizogawanyika mbilimbili, hahitaji kufafanuliwa neno hilo.

Tiba iko katika neno "laki", tulilolipata kwa njia ya biashara na Wahindi, ambalo vitabu vingine hulikwepa bila sababu ninayoiona. Sema "laki mbili na elfu tano" kwa 205,000, utata utaisha. Kwa 200,005 "laki mbili na tano" haitoshi, maana sokoni wapo watakaosikia elfu tano. Afadhali kukirudia kinachohesabiwa, kama karani wa mizani ya korosho anayetaka kuepuka ugomvi: "kilo laki mbili na kilo tano". Darasani, ambako hakuna kilo, sema "laki mbili na mamoja matano". Njia hiyo itakufaa pia kwa 20,005, ambayo ikisomwa "elfu ishirini na tano" wengi wataandika 25,000.

Kuhusu daftari, msahihishe kila mwanafunzi kwa namba aliyoiandika mwenyewe. Aliyeandika 205,000 kisha akaiita witiri, huyo ndiye aliyekosea.