Land Cruiser ya zamani inatetema ikifika 80

Mkuu, kama Land Cruiser HZJ75 yako inatetemea sakafuni na kwenye kiti, usukani umetulia, acha kwanza habari za kubalansi matairi. Ukiwa 80 na barabara nyeupe, weka nyutro. Mtetemo ukibaki, injini haimo. Tia kabari magurudumu, ingia chini, ishike propela shafti ya nyuma (ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) uisukume juu chini na kuizungusha huku na huku. Krosi, ile jointi ya msalaba kwenye ncha ya shafti, ikicheza hata kidogo, au ukiona unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, imekwisha, grisi haitaiponya. Shafti iliwahi kufunguliwa? Basi angalia masikio yanayoshika krosi kwenye ncha zake mbili yamelala sambamba. Ikirudishwa imepishana jino moja tu pale vipande vyake vinapoingiliana, inatetema hata na krosi mpya. Springi uliziinua? Hapo nako pembe ya shafti hubadilika, ikaguliwe.