Kama Huna, Sema Huna Mapema

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma humu aliniandikia inboksi. Amepata ajira yake ya kwanza, halmashauri ya mkoani, mshahara umeingia mara mbili tu, na tayari simu yake imegeuka ofisi ya ustawi wa jamii. Mjomba anataka ya mbolea. Binamu anataka ada ya chuo. Rafiki wa sekondari amefukuziwa kodi. Na kwenye kikundi cha jumuiya anakumbushwa kila Jumapili ahadi ya ujenzi wa kanisa ambayo hakumbuki kuitoa. "Kaka, nawakatalia vipi bila kuonekana nina roho mbaya? Halafu wewe juzi umeandika tusiwapite kimya ombaomba wa mjini. Mbona unatuongezea mzigo?"

Nilitaka kumjibu mistari miwili, nikaona haitoshi. Mwaka huu nimekaa pande zote: nimeombwa, nimeomba, na sasa naombwa tena. Na kwa kuwa Desemba kila mtu anaandika masomo yake ya mwaka, haya ndiyo yangu.

Wanaonifahamu wanajua nilikuwa kampuni moja ya uwakala wa forodha, upande wa nyaraka. Mwezi wa tatu kibarua kikaota nyasi. Mkataba uliisha, hawakuuhuisha, na hakuna aliyejisumbua kuniambia mpaka asubuhi ile kadi yangu ilipogoma kufungua mlango na mlinzi akaangalia pembeni. Kazi yangu niliifanya. Mpaka leo waliobaki wananipigia kuuliza faili fulani liko wapi, na mimi nawaelekeza, tena kwa heshima.

Akiba ikaliwa na kodi, maana hapa Dar mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo na hana habari na mkataba wako. Kufika Juni vyuma vimekaza kwelikweli, nikaanza kupiga mizinga.

Sasa kuna jamaa mmoja. Harusi yake mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati. Nilifuatilia ahadi za watu mpaka wengine wakaniblok, mfukoni kwangu nikatoa laki tatu, na usiku wa sherehe nilibaki ukumbini kuhesabu kreti za soda yeye akiwa ameshaondoka na bibi harusi wake. Huyo ndiye nilimwendea wa kwanza, nikamwomba laki na nusu. Angesema hana, ningemwelewa. Alisema, "Usijali kaka, nakucheki jioni." Jioni ikawa kesho asubuhi, kuna hela anaisubiri. Asubuhi ikawa ngoja amalizane na fundi. Mwisho tiki zikawa za bluu, kimya.

Kilichoniuma zaidi ni shangazi yangu. Katikati ya hizo "jioni", shangazi anayeuza vitumbua Mbagala alinipigia, kasikia hali yangu, ana elfu hamsini ya mchezo wa kupokezana anipe. Nikamwambia aiache kwenye mchezo, yangu iko njiani. Mtu aliniahidi! Ilipodhihirika kwamba hakuna kitu njiani, hela ya shangazi ilishapokelewa na mwenzake wa zamu, na mimi nikaangukia kwa kausha damu wa kwenye simu, wakopeshaji wale wanaowatumia meseji watu wote walio kwenye simu yako kwamba wewe ni tapeli. Benki Kuu ilitangaza orodha ndefu ya programu za namna hiyo zisizo na leseni Novemba 2024, lakini zikizimwa hizi, zinachipuka nyingine kwa majina mapya. Bosi wangu wa zamani alipata meseji. Mchumba wangu wa zamani alipata. Fundi wa viatu alipata, na ndiye peke yake aliyenipigia kunipa pole.

Miezi iliyofuata sitaisimulia. Ni foleni na bahasha za maombi ya kazi.

Bahasha hizo nilikuwa nazipeleka Posta kwa miguu kutoka Kariakoo, kuokoa nauli. Mtaa wa Samora, ukishapita Sanamu ya Askari, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, alikuwa anakaa mzee kipofu na mjukuu wake. Fimbo moja, mzee ameshika ncha hii, mtoto ncha ile. Mbele yao kopo la siagi. Nilishampita mara nyingi nikiwa na kazi, sikuwahi kumwona. Nilipokosa kazi ndipo nikaanza kumsalimia, maana na mimi nilikuwa sina haraka. Siku niliyomwambia "Mbukwa", salamu ya kwao, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo, utani ukaanza hapo hapo. Nikamwambia tumewapa makao makuu ya nchi na bado mnakuja Dar kuomba. Akajibu, "Makao makuu mmetuletea. Mvua hamkuleta."

Kwa wale wanaodhani kuomba ni uvivu, wangekaa na mzee yule asubuhi moja tu. Sarafu anaijua kwa mlio kabla haijatulia koponi: hamsini, mia, mia mbili, na ile ya mia tano iliyokuja 2014 ambayo anasema ina sauti nzito ya kiungwana. Wosha ya bati pia anaijua. Ndiyo, kuna watu wanamtumbukizia wosha za kufungia mabati ili waliofuatana nao waone wametoa. Noti ndiyo anaiogopa. Mtu anaweka buku, halafu anajichotea chenji mwenyewe, na mzee anachosikia ni vidole vinachakura kopo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. "Nikimuuliza amechukua ngapi, nitakuwa nimemwita mwizi mtu aliyenisaidia," aliniambia.

Mwaka wake una hesabu yake, na ukiusikia unaelewa mji huu kuliko kusoma gazeti. Ijumaa hakai Samora, anahamia Kariakoo kwenye maduka yanayotoa sadaka siku hiyo, kisha misikitini. Ramadhani ndiyo mavuno. Tarehe za mishahara watu wanatoa wakiwa wanatembea, katikati ya mwezi wanasimama kwanza na kufikiri. Januari ni kiangazi, ada zimewakausha wote, na mtu mwenye tai anaweza kumpita bila hata kumtupia jicho. Mvua zikianza kwao Desemba, wenye nguvu wanarudi kulima, maana Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu, ukiukosa umeukosa mwaka mzima.

Ana na kanuni zake. Aliyempa jana, leo hamwombi, anamsalimia tu. Anayemwambia "sina leo babu" anamwombea dua ileile anayomwombea aliyetoa. Nikadhani ni maneno ya biashara. Akanieleza ilikotoka.

Bibi mzaa baba yake aliiona Mtunya kwa macho. Wasioijua: ni njaa iliyoipiga Ugogo 1917 mpaka 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita na kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua zikagoma. Watu walikufa kwa maelfu. Bibi huyo, kwa simulizi ya mzee, alitembea na mama yake boma hadi boma wakiomba mtama. Na adabu ya wakati ule, alisema, ilikuwa hivi: asiye na kitu alikwambia ukiwa bado umesimama, kabla hujatua mzigo, ili uondoke ukiwa na nguvu za kufika kwa mwingine. Aliyekukaribisha ukae, akakuacha mpaka jua likazama ndipo akakwambia ghala ni tupu, huyo watu walimkumbuka kwa jina hata baada ya mvua kurudi.

Nilisimama pale Samora na bahasha yangu nikamwona rafiki yangu wa "nakucheki jioni" kama alivyo.

Basi mdogo wangu wa halmashauri, jibu langu ni hilo. Mtu akikuomba, mjibu siku hiyohiyo. Kama unayo na umeamua kutoa, taja kiasi na siku, toa, funga. Kama huna, sema huna. Kama unayo lakini ina kazi yake, sema sitaweza, inatosha. Usianze "ngoja nione", usianze "mwisho wa mwezi tuangalie". Unadhani unalinda uhusiano kumbe unamfungia mtu mlango wa pili na wa tatu. Mwandikie: "Shikamoo mjomba. Ya mbolea msimu huu sitaweza. Usinisubiri." Hilo neno la mwisho ndilo lenye uzito. Mjomba atanuna wiki, halafu atakwenda kukopa kwa mwenye duka wakati duka bado lina mbolea.

Na usimhoji. Hili nalisema kwa uchungu. Unamwomba mtu elfu thelathini, anakufungulia semina: ulikuwa unawekeza wapi ulipokuwa na mshahara, mbona hukufuga kuku, mbona unakaa Sinza wakati Chanika vyumba bei rahisi. Ukimaliza kujibu yote, hana. Bibi yangu Tabora mwombaji akibisha hodi na hana kitu, alitoka mwenyewe mpaka mlangoni akasema, "Tusamehe baba, Mungu akujalie." Hakumtuma mtoto kusema bibi hayupo.

Kuhusu ombaomba wa mataa, najua wengi mmechoka. Hata wakubwa wa mji walichoka zamani. Enzi za Mkuu wa Mkoa Yusuf Makamba walikuwa wanapakiwa kurudishwa makwao, na kila mtu wa rika langu amesikia kisa cha Matonya, ombaomba maarufu, aliyesafirishwa Dodoma akaonekana tena mjini. Mwaka 2016 Paul Makonda naye akawapa siku za kuondoka. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kipo, kinamgusa anayeomba hadharani na anayemtuma mtoto kuomba. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapahapa Arusha, ikatoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Wanasheria waendelee. Mimi nawasemea ninyi mlio ndani ya gari mnaopandisha kioo na kujifanya mnapiga simu. Teremsha kioo, sema "leo sina". Utaona anavyokwenda haraka gari la nyuma. Taa nyekundu ya makutano ya Fire kwake ni muda wa kazi, unamwibia.

Watoto wa mataani siwapi hela, niwe mkweli. Mama yuko chini ya mti ng'ambo ya barabara, na anayerudi na nyingi ndiye atakayetumwa kesho badala ya kwenda shule. Namwambia mtoto machoni kwamba sikupi. Kama nina ndizi nampa ndizi. Mnaoona ni ukatili tutabishana.

Halafu tusijione. Sisi wenye simu janja ndio ombaomba wakubwa wa nchi hii, ila uombaji wetu una kamati. Sendofu, harusi, kipaimara, arobaini ya mtoto, vyote vina kadi iliyochapwa na mwenyekiti, na ukichelewesha ahadi jina lako linabandikwa kwenye kikundi watu mia moja wakiona. Mzee wa Samora hajawahi kumbandika mtu.

Sote hapa tunataka mwakani tuwe na kiwanja, gari hata la mkono wa tatu, biashara ya pembeni. Vizuri. Utaomba njiani, hakuna anayefika bila kuomba, awe anaita mkopo, mtaji au koneksheni. Kwa hiyo jifunze na kuomba. Taja kiasi. Taja unachokifanyia. Mwambie anayeombwa kwamba akikosa asione haya, na useme hivyo ukimaanisha. Akikupa, wiki inayofuata mpigie umsalimie tu. Msalimie bila mzinga. Watu wangapi wanakupigia bila kuomba? Ndiyo uone.

Oktoba nilipata kazi, kampuni ndogo, mshahara mdogo kuliko wa zamani, lakini mlango wao unafunguka. Laki moja ya kwanza niliipeleka Mbagala, shangazi akagoma kupokea zaidi ya nusu. Nilipita Samora na mzee hakuwepo. Muuza magazeti akaniambia wamekwenda kwao kulima, mapema mwaka huu.

Na yule jamaa amenitafuta. Novemba mwishoni, baada ya kimya chote kile, "Kaka za siku, umepotea sana!" na kadi juu yake: mwanawe anapata kipaimara Januari, kima cha chini elfu hamsini kwa mtu mmoja. Nilimjibu ndani ya dakika tano. Nimemwandikia sitachangia, asinisubiri, na namtakia mtoto kila la heri. Ameniondoa kwenye kikundi.