Re: Dar–Moro (Morogoro) na SGR, ile treni ya umeme, kuona maua ya porini, kwenda na kurudi siku moja

Dada umeuliza kama unaweza kumpeleka mama Moro akaone maua ya porini na stesheni mpya mkarudi Dar siku hiyo hiyo, inawezekana kabisa, ila pandeni treni ya asubuhi mapema na tiketi ya kurudi kateni kabisa kabla hamjaondoka. Toka 2024 safari inachukua kama masaa mawili hivi, mama hata hachoki. Stesheni ya Moro iko Kihonda, sio mjini, kwa hiyo tengeni hela ya bajaji. Zungukeni kwanza pale ndani taratibu, mama yangu alikaa anaangalia lile paa weee, akanambia enzi zao stesheni ilikuwa benchi na vumbi.

Maua sasa. Njia ya kupanda Morning Side, kwenye milima ya Uluguru, pembeni ya vijito, mtaona yale maua laini ya pinki na mekundu tunayopanda kwenye makopo barazani, impatiens, pale yanajiotea yenyewe tu. Tafuteni kitumba cha mbegu kilichokomaa mkibonyeze kidogo kwa vidole, kinapasuka mbegu zinaruka huko, mama yangu alicheka kama mtoto jamani. Kama magoti ya mama yako yanasumbua msipande mpaka juu, njiani tu yapo ya kutosha. Masika njia inateleza sana, vaeni raba sio ndala, na chukueni mwenyeji wa kuwaongoza. Na tafadhali msing'oe, pigeni picha tu.