Mwanangu ameisusa chupa na likizo inakwisha

Shikamoo shangazi. Nina mtoto wa kiume wa miezi 3 na nusu. Tangu azaliwe ananyonya ziwa tu, na anakua vizuri. Nimebakiwa na wiki 3 nirudi kazini. Tumejaribu chupa za aina 4. Akiiona tu anageuza uso, na ikimgusa mdomo anajikunja na kulia mpaka sauti inakauka. Juzi nilimshikilia nikambana, akapaliwa. Mama mkwe, ambaye ndiye atakayebaki naye, anasema namdekeza: nimnyime ziwa kutwa nzima, njaa itamfundisha. Mume wangu yuko katikati, hajui amsikilize nani. Usiku silali nikiwaza mtoto atakaaje saa 9 nzima bila kula. Na kuna jambo naona hata aibu kuliandika: akija kuizoea hiyo chupa, si atanikataa mimi?

Mama wa kifungua mimba

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hilo la juzi, maana nimeona ulivyoliandika kwa haraka halafu ukalipita. Kama alikohoa, akatulia, akaendelea kupumua na kunyonya kama kawaida, hukumdhuru. Ila usimbane tena, wewe wala mtu mwingine. Mtoto wa umri huo ameshaanza kuunganisha mambo. Chupa inayokuja pamoja na mikono ya nguvu anaitambua kwa mbali, ndiyo maana sasa anageuza uso kabla haijamfikia. Zifungie zote kabatini siku 2 au 3, asizione. Una wiki 3. Siku hizo hazitakuangusha.

Na hilo neno "namdekeza" liondoe moyoni. Mtoto wa wiki za mwanzo, chochote kikigusa kaakaa lake anafyonza tu, mwili wenyewe unamtuma. Kadiri anavyosogelea miezi 3 na 4 kufyonza kunakuwa hiari yake, na wa kwako amefika hapo. Anajua anachokipenda. Ziwani anaachama, analivuta ndani, anafyonza mara kadhaa kabla maziwa hayajashuka, kisha yanamjia kwa kasi, yanapungua, anapumzika akikutazama, anaanza tena. Mwendo wote ni wake. Chupa haimsubiri: ukiinamisha tu inadondosha, awe tayari asiwe tayari, na chuchu yake ya mpira ina ugumu na harufu asiyoijua.

Na harufu kwa mtoto si jambo dogo. Tangu miaka ya 1970 watafiti wameonyesha kwamba mtoto wa siku chache, akiwekewa upande mmoja kitambaa chenye maziwa ya mama yake na upande wa pili cha mama mwingine, hugeukia zaidi kile cha mama yake. Sasa wewe umempakata, kifua chako kiko puani pake, halafu unamtia mpira mdomoni. Kilio chake kinauliza swali la haki kabisa: ziwa si hili hapa?

Kwa hiyo wa kumfundisha asiwe wewe, wala usiwe karibu. Usijibanze chumba cha pili ukisikiliza. Toka nje, tembea hata nusu saa. Na hapo ndipo namhitaji mama mkwe wako.

Huyo mama anampenda mjukuu wake, na nadhani anaogopa kama unavyoogopa wewe, kwa sababu kilio cha mchana kitamwangukia yeye. Lakini kuhusu njaa hakusema sawa. Mtoto aliyeshinda njaa anakuwa ameshalia mno, ulimi umepanda juu, hewa imejaa tumboni, na hata ziwa lenyewe anahangaika kulishika. Wewe nawe ukikaa kutwa bila kunyonyesha wala kukamua, matiti yanajaa mpaka yanauma, na siku zikizidi maziwa yanaanza kupungua. Kitu kipya mtoto hujifunza akiwa ametulia: ameamka vizuri, ana furaha, na imepita kama saa 1 tangu anyonye. Usibishane na mama. Ni mama wa mumeo, basi mumeo atoke hapo katikati aliposimama, akamwambie: "Mama, wewe ndiye utakayekuwa unamlisha, tunakuomba umfundishe wewe." Mtu aliyepewa kazi ya ualimu huwa na subira kuliko aliyeachwa pembeni akitazama.

Sasa nikuambie jambo ambalo barua yako yote haikuligusa. Umehangaika na chupa 4, lakini mwanao anachohitaji ni maziwa. Chupa si lazima. Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, ambao bado hawana nguvu ya kunyonya, hulishwa kwa kikombe hospitalini. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamekuwa wakishauri kikombe kuliko chupa, hasa pale ambapo usafi ni shida, kwa sababu kikombe kina mdomo mpana: unakisugua kwa sabuni na kukiona chote, wakati chupa na chuchu yake zina pembe ambazo maziwa hung'ang'ania na vijidudu vikazaliana.

Mwanangu wa pili hakuwahi kunyonya chupa hata siku moja. Aliyemfundisha kikombe ni jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, na mpaka leo naiona mikono yake. Alimkalisha mapajani akiwa wima, shingo na mgongo vimeegemea mkono wake, kitambaa chini ya kidevu. Kikombe chenyewe kilikuwa kile kidogo cha kupimia dawa. Alikitia maziwa nusu, akauweka ukingo wake juu ya mdomo wa chini wa mtoto, taratibu, akakiinamisha mpaka maziwa yakafika ukingoni na kuugusa mdomo wa juu. Basi. Hakumimina. Mtoto akatulia, macho yamemtoka, kisha ulimi ukachungulia kama wa paka, ukalamba, ukarudi. Ukatoka tena. Alipopumzika, yule mama hakukiondoa kikombe, alikiacha palepale mdomoni akamsubiri. Alipofumba mdomo na kugeuka, akakiweka chini akasema, "Ameshiba kwa leo." Siku hiyo ya kwanza maziwa yalimwingia kama vijiko vidogo 2, mengine yalikwenda shingoni. Wiki haikuisha kabla hajaanza kukivuta kikombe mwenyewe.

Kosa kubwa la kikombe ni kumimina, na ndilo la kumsisitizia mama mkwe. Ukimmiminia anapaliwa. Mwache alambe au avute kwa mwendo wake.

Kama bado mnataka chupa, sikukatazi. Tafuta chuchu inayotoa maziwa polepole kabisa, ipitishe kwenye maji ya uvuguvugu ili isiwe baridi, mguse nayo mdomo wa juu kisha subiri aachame mwenyewe. Akae wima, na chupa ishikwe karibu kulala badala ya kusimamishwa juu ya uso wake. Kila baada ya mafunda machache ishushwe, apumue. Watoto wengine hukubali wakiwa wamebebwa uso ukitazama nje, mlezi anatembeatembea. Akikataa, mambo yaishie hapo hapo, na jaribio lolote lisizidi dakika 10. Msitoboe chuchu kuipanua tundu, wala msipake sukari. Asali ndiyo kabisa msithubutu: kabla mtoto hajatimiza mwaka 1 asali inaweza kumletea botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia.

Kabla ya yote hayo, yaonje maziwa yenyewe. Nasema kweli. Baadhi ya akina mama, maziwa yao yakikaa kwenye friji hupata ladha kama ya sabuni kwa sababu ya kimeng'enya kinachovunja mafuta yaliyomo. Hayajaharibika, lakini mtoto anaweza kuyakataa, na nyumba nzima ikabaki kuilaumu chupa. Mjaribu kwa maziwa uliyokamua muda huo huo. Akiyanywa hayo na kuyasusa ya friji, umempata mchawi. Dawa yake ni kuyapasha mara tu baada ya kukamua mpaka viputo vidogo vionekane pembeni mwa sufuria, bila kuyaacha yachemke, kisha uyapooze haraka na kuyahifadhi.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa muda wa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25 za Selsiasi. Penye joto zaidi usiyaache muda wote huo. Kwenye friji hukaa siku 4. Ya kumpashia mtoto, tia chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usitumie maikrowevu, maana hupasha visivyo sawa na sehemu moja inaweza kumuunguza. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yatumike ndani ya saa 2 au yamwagwe. Najua inauma kuyamwaga.

Kuhusu zile saa 9: mtoto wa kati ya mwezi 1 na 6 anayenyonya tu hunywa kwa wastani mililita 750 hivi kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Ukiyagawa kwa milo yake ya siku, mlo mmoja ni kama mililita 90 hadi 120, na wengine hunywa pungufu ya hapo mchana wakamngoja mama. Ukirudi atakuganda jioni na kuamka usiku kuliko alivyozoea, akifidia. Utachoka, na utahitaji mumeo abebe kazi nyingine za nyumbani, lakini haina maana kwamba kuna kitu kimeharibika. Kama kazini si mbali, mama mkwe akuletee mtoto mara 1 mchana. Ulizia pia muda wa kunyonyesha au kukamua: Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unatambua mapumziko hayo na kuyahesabu kama saa za kazi, na nchi nyingi zina kifungu cha namna hiyo kwenye sheria zao. Maziwa yako yasipotosha, muulize mhudumu wa afya kuhusu maziwa ya kopo ya watoto wachanga, nayo hunyweka kwa kikombe. Uji, maji na maziwa ya ng'ombe visubiri, hajafikisha miezi 6.

Mpelekeni hospitali bila kungoja mkiona anakataa hata ziwa, anasinzia kuliko kawaida na haamshiki vizuri, utosi umebonyea, au nepi zenye mkojo zimepungua chini ya 6 kwa siku.

Na lile uliloona aibu kuliandika. Mtoto anayenyonya vizuri, akiendelea kupata ziwa kila mnapokuwa pamoja, ni nadra kuliacha kwa sababu ya kikombe. Wanaolisusa mara nyingi ni wale waliozoea chupa inayomwaga kwa kasi huku ziwani wakiwekwa mara chache. Ndiyo maana nimekazania mwendo wa polepole. Huo wivu wako wala si wa kuonea aibu. Miezi 3 na nusu kila tone alilomeza limetoka kwako, na sasa unaombwa kumpa mtu mwingine nafasi hiyo. Lia ukitaka kulia. Atakapokusikia sauti mlangoni jioni ile ya kwanza, atakurukia kifuani kabla hujavua viatu.

Basi pumzikeni siku hizo 2. Ya tatu asubuhi, akishanyonya na kutosheka, kamua vijiko vidogo 2 tu kwenye kikombe, mkabidhi mama mkwe, uvae viatu utoke. Niandikie baada ya wiki 1 uniambie alilamba au aligeuza uso, tujue pa kushika.