Nimeombwa kuingia kwenye utafiti wa dawa ya figo

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Nina miaka 54, kisukari ninacho mwaka wa 12 huu. Mwaka jana niliambiwa figo zimeshuka. Kipimo cha mwisho kimesoma 38 na mkojo una protini. Lakini siumwi popote. Juzi daktari ameniuliza kama niko tayari kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya. Anasema naweza kupata dawa yenyewe au kidonge kisicho na dawa, na hata yeye hatajua nimepata kipi. Mke wangu amekataa katakata, anasema mgonjwa wa figo hana muda wa kuchezewa. Fomu ya kurasa 14 iko mezani. Nifanye nini?
Baba Wawili

JIBU: Marahaba, baba. Nianze na mkeo, maana hofu yake naijua. Nimefanya kazi miaka 22 kwenye kliniki ya figo na chumba cha kusafisha damu, na hicho kidonge kisicho na dawa ndicho kinachowakimbiza wengi. Wanadhani nusu yao wataachwa bila matibabu. Katika utafiti uliopangwa vizuri sivyo: dawa zako za presha na za sukari unaendelea nazo, cha utafiti kinaongezwa juu yake. Hilo lazima liwe limeandikwa kwenye fomu. Litafuteni, na msipoliona muulizeni daktari kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa nini basi wasiwape wote dawa? Ni kwa sababu ya hilo ulilolisema mwenyewe, kwamba huumwi. Figo huharibika kimyakimya. Kipimo hicho cha uwezo wa figo kuchuja damu kikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3 tunasema ni ugonjwa sugu, kikishuka chini ya 15 ndipo tunazungumzia mashine au kupandikizwa figo, na katikati hapo mtu anaweza kupita miaka bila dalili yoyote. Tena kila mmoja anashuka kwa mwendo wake. Ukinimezea dawa mwaka mzima na kipimo kisishuke, sitajua kama ni dawa au ndivyo figo zako zilivyo.

Kuna dawa iliitwa bardoxolone. Wagonjwa wa kisukari walioimeza walipanda vipimo vya figo, kila mtu akafurahi. Ulipofanywa utafiti mkubwa wenye kundi la kulinganisha, ikaonekana waliopata dawa wanalazwa zaidi kwa moyo kushindwa kufanya kazi, na mwaka 2012 utafiti ukasimamishwa. Bila lile kundi la pili, tungesema ni kisukari tu kinawamaliza.

Upande mwingine kuna dapagliflozin, iliyoanza kama dawa ya sukari. Wagonjwa wa figo 4,304 waligawanywa nusu kwa nusu, wengine hata kisukari hawana. Baada ya miaka kama 2 na nusu, waliopata hali mbaya, yaani figo kudidimia sana au kifo cha figo au moyo, walikuwa asilimia 9.2 kwa wenye dawa na 14.5 kwa wasio nayo. Huo nao ulisimamishwa kabla ya wakati, mwaka 2020, safari hii kwa sababu faida ilishaonekana wazi.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, muulize daktari: je, dawa zilizokwisha kuthibitishwa kulinda figo ninazo? Angalia vidonge vyako vya presha kama kimojawapo jina lake linaishia na "pril" au "sartan". Uliza kuhusu dapagliflozin au ndugu yake, empagliflozin. Kama hujapewa na hakuna sababu ya kukunyima, hizo zitangulie. Hapa sina simile.

Namkumbuka mama mmoja, mwalimu, alikuja na fomu yake kaichora kalamu nyekundu kila ukurasa. Akauliza, "Nikijitoa, mtaendelea kunitibu?" Akajibiwa ndiyo. Mwezi wa nane miguu ikamvimba, akajitoa. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye benchi lile lile, faili lile lile, na hakuna aliyemnunia. Haki hiyo unayo na wewe, na huna haja ya kutoa sababu.

Nanyi ichoreni yenu. Mkidhurika na dawa, nani atagharamia matibabu? Utafiti ukiisha na dawa ikawa nzuri, mtaendelea kuipata? Usiku ukizidiwa, unampigia nani? Na wewe usiwafiche kitu: diclofenac au ibuprofen unayonunua kwa maumivu ya mgongo itaje, na za miti shamba pia, maana zipo zinazoumiza figo.

Siku ya miadi nenda na mkeo. Maswali yake yaulizwe kwanza.