Jina la Benki Juu ya Ujumbe wa Tapeli

SWALI: Nilipokea ujumbe mfupi ulioeleza kwamba akaunti yangu ingefungwa jioni ile ile nisipobofya kiungo kilichoambatanishwa. Ulikuwa chini ya jina la benki yangu, pamoja na taarifa za kweli ninazoletewa kwa miaka mingi. Punde si punde mtu akanipigia simu, akanitaja kwa jina kamili, kisha akaniomba namba ya uthibitisho iliyokuwa imeingia katika simu yangu dakika ile ile. Nusura nimpe. Je, ujumbe wa tapeli uliwezaje kuchanganyika na ule wa benki?

JIBU: Tunashukuru kwamba hukuitoa namba hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa shabaha ya mpango mzima. Jina unaloliona juu ya ujumbe mfupi huandikwa na mtumaji mwenyewe kwa kutumia mitambo ya kutuma ujumbe kwa wingi, nayo simu yako, isiyo na uwezo wa kuhakiki ukweli wake, hukusanya mahali pamoja kila ujumbe wenye jina moja. Singapore imelazimisha majina hayo kusajiliwa tangu mwaka 2023, lakini si kila nchi inayofanya hivyo. Hata namba ya mpigaji simu inaweza kughushiwa, na jina la mtumaji wa baruapepe ndilo rahisi zaidi kughushi.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni namba ya uthibitisho yenyewe. Yaelekea ilitoka kwa benki yako halisi, kwa sababu tapeli alikuwa akijaribu kuingia katika akaunti yako wakati anazungumza nawe, na huenda tayari analijua neno lako la siri. Libadilishe leo hii, na popote pengine ulipolitumia.

Siku nyingine, badala ya kupima sauti au ufasaha wa mpigaji (matapeli wa sasa huandika vizuri, na wapo wanaoiga sauti za ndugu kwa kompyuta), kata simu, kisha upige wewe mwenyewe namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako. Mfanyakazi wa kweli hataudhika. Kuhusu viungo, mwenye tovuti hutambulika kwa maneno ya mwisho kabla ya mkwaju (alama ya /) wa kwanza unaofuata jina la tovuti, hata kama jina la benki limetangulizwa mwanzoni. Nayo alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa, wala haithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti.

Ikiwa ulikibofya kiungo na kuandika chochote, iarifu benki mara moja ili izuie miamala. Tafadhali jihadhari pia na mtu atakayejitokeza baadaye akiahidi kukurejeshea fedha zilizopotea kwa malipo ya awali, kwa maana mara nyingi huwa ni tapeli yule yule au mwenzake aliyeuziwa orodha ya waliokwisha kuibiwa.